Chini ya Kikombe

Kosa langu lina saa yake:
saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumanne,
Mtwara inanuka moshi wa majani ya mikorosho
na chini ya mnara abiria wamekwisha panda,
kila mmoja na kifurushi cha korosho cha kupeleka Dar.

Dadi Likwata aliniomba njia.
"Mnara, kuna mbwa kafia katikati, nikamtoe."
Nikamwambia, ingia.
Nikachomeka ukanda mwekundu ubaoni,
kipande cha karatasi, urefu wa kiganja,
chenye kazi moja tu: kukumbuka badala yangu.

Kisha simu. Dar wanauliza mafuta,
wanauliza idadi ya vichwa, wanauliza tena idadi ya vichwa.
Nikauchomoa ukanda niandike nyuma yake,
sitini na nane,
nikaulaza mezani, nikaweka kikombe juu
feni isiupeperushe.
Hivyo tu.
Hakuna bundi aliyelia usiku wa kuamkia.
Mkono unaoijua kazi
ulifanya kazi nyingine.

"Mnara, tuko tayari."
Nikatazama njia. Naapa niliitazama.
Jua lilikuwa limepiga kioo cha upande wa bahari,
na pale lami inapoinuka kidogo kabla ya kushuka
pikapu ya Dadi ilikuwa ng'ambo ya mwinuko.
Jicho halikuona gari;
likaniambia hakuna gari.
Kumbe hayo ni mambo mawili.

Nikatoa kibali.
Sauti yangu (nimeisikiliza kwenye kanda mara nne)
haina tetemeko. Ni sauti nzuri.
Ni sauti ya mtu anayejua.

Injini zikapanda. Nyasi zikalala.
Vioo vya mnara vikaanza ule mtetemo
ambao kwa miaka tisa nimeupenda, sijamwambia mtu.
Na hapo rubani, bila kupaza sauti:
"Tunasimama. Kuna taa ya manjano mbele."

Mita mia tatu. Walipima baadaye, kwa gurudumu.
Mia tatu ni kutoka geti letu
hadi kwa Somoe anayeuza ming'oko;
huwa naenda na kurudi chai haijapoa.

Dadi akapanda ngazi, kofia mkononi.
"Dada Nambela, nisamehe.
Betri ya redio ilikufa. Labda uliniita, nisisikie."

Wanasema kuteleza si kuanguka.
Hawakusema aliyeteleza afanyeje
akimkuta mwingine
anajipangusa vumbi lisilo lake.
Betri ilikuwa imekufa kweli; yeyote angeipima angeona.
Dadi ana watoto watatu Chikongola
na mkataba wa miezi sita, sita.
Mimi nina ile sauti nzuri.
Kati yetu palikuwa na nafasi ya pumzi moja,
na sitasema sikuivuta.

Nikainua kikombe.
Ukanda ulikuwa umejikunja, duara la chai limeulowesha,
sitini imebaki, nane imeyeyuka.
"Sikukuita, Dadi," nikasema.
"Sikukuita kabisa."
Akautazama ukanda, akanitazama,
akavaa kofia yake polepole
kama mtu anayeifunika sufuria isichemke.

Kwenye fomu kuna mstari: Chanzo.
Watu huandika mwanga, huandika mawasiliano.
Nafasi yenyewe ni ndogo, inatosha jina.
Nikaandika jina.

Ndege iliondoka saa mbili na robo, mwongozaji mwingine.
Nimeambiwa abiria mmoja aligomba sana
kwa kucheleweshewa mkutano wake,
na kwamba korosho zake zilimwagika pale breki ziliposhikwa.
Alikuwa na haki.

Jioni tulimzika mbwa nyuma ya uzio.
Dadi alichimba. Mimi nilishika tochi,
nikaielekeza pale aliponiambia.